Bunduki ya Bata Mzinga

Juzi nilisimama mlangoni pa supamaketi moja ya Bugolobi, askari akinikagua pochi kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika bunduki ya mitutu miwili ambayo kitako chake kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Alipoinama kuchungulia, bunduki ikanisogelea puani na harufu ya yale mafuta yake ikanipata, harufu nzito kama ya cherehani iliyotiwa mafuta jana. Nikamkumbuka Meja. Nikamkumbuka baba. Kabla sijajizuia nikaguna kwa dharau usoni pa mtu ambaye hakunikosea chochote. "Madamu, kuna shida?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna, nikaingia ndani kununua sukari.

Mliokulia Kampala mtanielewa. Kwetu mtoto huizoea bunduki kabla hajazijua herufi. Iko getini, iko benki, iko kituo cha petroli, imelala mapajani mwa askari anayesinzia. Na popote ilipo, nyuma yake pana kitu cha watu wenye nazo. Hiyo ndiyo sheria niliyojitungia nikiwa mdogo wa kuanza shule: bunduki kazi yake ni kulinda. Sikuwa na sababu ya kuwaza vingine. Nyumbani kwetu Kisenyi, nyuma ya magereji, hatukuwa na bunduki kwa kuwa hatukuwa na cha kulindwa.

Labda Bwana Harusi. Huyo alikuwa bata mzinga wa Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na jina hilo nilimpa mimi kwa jinsi alivyokuwa akitanua mkia na kutembea uani kwa madaha, kifua mbele, ile nyama nyekundu ya puani ikining'inia, akitarajia wote tusimame. Habuba alimnunua akiwa kifaranga mwenye mafua, akamlea jikoni ndani ya boksi la sabuni. Kumlisha ilikuwa kazi yangu. Nilichuchumaa na bakuli la pumba, naye popote alipo angekuja mbio, ananidonoa vifungo vya gauni, kisha anakula. Alikuwa na sauti ya maji yanayomwagika kutoka chupani. Nilimpenda kuliko nilivyompenda ndugu yangu yeyote, na sioni aibu kulisema, ndugu zangu wanajijua.

Bwana Harusi alikuwa na safari yake tayari. Shangazi Zaituni, dada yake baba, alikuwa anaolewa, na katika ukoo wetu sinia la wazee wa upande wa mume haliwekwi kuku. Linawekwa ndege mkubwa mzima, aliyelelewa nyumbani, ili wazee wale waone kwamba binti yao mpya ametoka kwenye ua wenye mikono ya kutunza. Habuba alikuwa akimlea bata yule kwa ajili ya sinia hilo. Mimi hilo nililijua na sikulia. Mtoto wa Kiislamu anajua mnyama anachinjwa. Anajua pia kwamba kuna kuchinjwa kwa heshima, kisu kikali, jina la Mungu, mkono mwepesi. Na mkono mwepesi mtaani kwetu ulikuwa wa baba.

Hili lazima niliseme ili mjue alichokuwa nacho. Baba, Ramadhani, ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kile kichochoro chote. Mafundi wa gereji, Wakristo wengi wao, wakiwa na sherehe na wageni Waislamu, waliwatuma watoto wao kwa baba wakiwa wamekumbatia kuku. Hakulipwa. Alinawa mikono, akakishusha kisu chake kutoka juu ya mlango, akamgeuza kuku kuelekea kibla, na watu wakala bila kuuliza. Hebu fikirini mtu anayeaminiwa hivyo na mtaa mzima, halafu mchana anakwenda Bugolobi kujikomba.

Maana kazi yake ya mshahara ilikuwa kumwendesha Meja. Meja hakuwa meja. Hakuwahi hata kuwa koplo. Zamani aliwahi kutunza stoo ya buti na mablanketi ya jeshi, akatoka huko na tumbo na duka la magodoro. Cheo hicho alipewa na baba siku ya kwanza ya kazi, alipomfungulia mlango wa gari na kusema, "Karibu, Meja." Yule bwana akakipokea kilemba kile cha ukoka, akakivaa mpaka kaburini. Baba alisema mkono mtupu haulambwi. Mimi naona hata mkono uliojaa si lazima uulambe.

Meja alikwenda Amerika mara moja kumtembelea shemeji yake, akarudi mwindaji. Alirudi na kofia, na koti la mabaka mabaka ya majani, na kijisanduku cha mbao chenye kifuniko ambacho ukikisugua kinatoa mlio wa bata mzinga jike. Kule, alisema, mwanamume kamili anajificha kichakani alfajiri, anasugua, dume anakuja kwa tamaa zake, anapigwa. Koti hilo hakuweza kulivaa mjini, kwa sababu huku raia akivaa mabaka anaweza kujikuta anaeleza kituoni. Basi akalivaa ndani nje. Alikaa kwenye baraza lake Bugolobi, bitana nje, mishono na lebo ya kufulia vikionekana, na rafiki zake wakamwambia limempendeza.

Katika nchi yetu hakuna bata mzinga wa porini. Kanga wapo, kwale wapo. Mtu yeyote pale barazani angeweza kumwambia. Baba ndiye aliyefungua mdomo, akasema, "Afande, mimi iko na moja kwa mama yangu. Mukali! Hata mbwa naogopa yeye."

Mukali! Ndege anayelala kichwa chake kikiwa kwenye kandambili yangu.

Ndipo ukaanza mjadala wa bunduki. Shule zilikuwa zimefungwa, baba alinichukua Bugolobi mara kwa mara, nikakaa kwenye ngazi za baraza nikinywa soda na kuwasikiliza watu wazima wakitafuta silaha ya kumfaa Bwana Harusi. Nimekaa kwenye mikutano mingi maishani tangu hapo. Sijaona tena watu wakiwa makini vile juu ya upuuzi.

"Hii ya upepo iko ya watoto," Meja alisema, akiisukuma kwa ncha ya kiatu bunduki ya hewa aliyoletewa. "Mimi nataka kitu ya kusikika mpaka Mukono."

Rafiki yake mmoja, mwenye duka la mabati, akapendekeza raifo ya kupigia nyati. "Hiyo napasua ukuta, ssebo."

"Basi ndio nataka hiyo!"

"Afande," baba akaingilia, mikono nyuma, "raifo inatoboa tu tundu moja. Ukikosa hiyo moja, ndege naenda. Ya marisau ndio muzuri. Inamwaga chembe mingi, hauwezi kukosa."

"Lamazani nasema nini? Mimi nakosa?"

"Hapana, Afande! Ni ndege ndio inaweza kosea risasi."

Wakacheka wote, na Meja akapiga paja. Mimi sikucheka kwa kuwa nilikuwa nimejaa fahari. Sheria yangu ilikuwa ileile: penye bunduki pana cha kulindwa. Kwa hiyo nilichoelewa mimi ni kwamba watu wakubwa wa Bugolobi, wenye mageti, wamegundua thamani ya bata wetu na wanamtafutia ulinzi mpaka siku ya harusi. Niliona haki kabisa kwamba raifo ni kubwa mno na ya upepo ni ndogo mno. Jioni nilirudi Kisenyi nikachuchumaa mbele ya Bwana Harusi, nikamwambia, "Wewe unapata askari." Akadonoa kifungo.

Habuba hakudanganyika kirahisi; haya nilisimuliwa na Shangazi Zaituni ukubwani, maana mimi nilikuwa uani. Baba alipiga magoti mbele yake jikoni, mtu mzima na ndevu zake, akamweleza kwamba Meja ameahidi ng'ombe mzima wa harusi iwapo atapewa bata yule ampige yeye kwanza.

"Mimi si nataka ng'ombe yake," Habuba akasema. "Mimi nataka ndege yangu."

"Mama, ndege atarudi. Nitamchinja mimi mwenyewe."

"Ile anapiga na bunduki akifa, ni mzoga. Wewe nataka wazee wakule mzoga kwa harusi ya dada yako?"

Hapo baba akaonyesha ujanja wake. Bunduki, alisema, anaichagua yeye. Ataazima ya mitutu miwili kwa mzee mmoja wa gereji aliyekuwa na kibali, na ndani yake ataweka zile risasi za marisau madogo kabisa, za kupigia njiwa. Meja atasimama mbali, kama anavyosimama mwindaji. Kwa umbali ule chembe zile zitamchoma tu ndege, zitamlaza, na yeye baba atakuwa tayari na kisu, atamfikia akiwa bado anapumua. Meja atakuwa amewinda, bata atakuwa amechinjwa, na ng'ombe tutapata. Kila mtu atafurahi. Alilieleza vizuri mno, na Shangazi Zaituni akaanza kulia kwa sababu ya ng'ombe, na Habuba, ambaye hakuwa mtu wa kukubali, akakubali.

"Kale, haya," alisema. "Lakini kisu ikuje kwanza. Kifo ikuje nyuma yake."

Baba aliisafisha bunduki ile kwenye mkeka wetu. Alimimina mafuta kwenye kitambaa, akaupangusa mtutu, kisha kwa kitambaa kilekile akapangusa kisu chake. Harufu ikajaa chumba. Nilikaa karibu yake, goti langu likigusa lake, nikimwona mtu mwema anayemwandalia rafiki yangu ulinzi. Sijawahi kumpenda baba kama nilivyompenda jioni ile, na ndiyo maana harufu hiyo inanichefua.

Siku ya siku tukaenda kwenye shamba la Meja nje ya mji. Nilichukuliwa kwa kuwa Bwana Harusi hakukubali kushikwa na mtu mwingine. Alisafiri kwenye buti ya gari, nami nimelalia kiti cha nyuma nikizungumza naye kupitia upenyo. Kule kulikuwa na viti vya plastiki, mbuzi akichomwa, kreti za bia, na marafiki wa Meja wamekaa mistari kana kwamba wamekuja mpira. Meja akageuza koti lake. Hatimaye mabaka yakaona jua, na bitana ikajificha. Kitambi kilikataa kufungwa vifungo.

Aliingia kwenye kichaka cha mchaichai kando ya uwanja, akachuchumaa, bunduki magotini, akaanza kusugua kijisanduku chake. Baba akanionyesha kwa kidole nimwachie ndege upande wa pili, mbali, nikamwachia. Bwana Harusi akajikung'uta, akatanua mkia, akatazama huku na huku.

Mpango wote wa baba, na hekima yote ya baraza la Bugolobi, vilisahau jambo moja ambalo hata mtoto angewaambia wangemuuliza. Yule ndege, tangu boksi la sabuni, alijua kwamba mtu akichuchumaa ana pumba.

Alikwenda mbio. Hakwenda kwa tamaa wala kwa mlio wa jike. Alikwenda kwa njaa yake ya asubuhi, shingo mbele, akavuka uwanja wote na kusimama mbele ya Meja, karibu naye kama ninavyosimama mimi na karai langu la nguo. Akamdonoa kifungo cha koti.

Wageni wakavunjika mbavu. Meja akarudi nyuma kwa makalio, ndege akamfuata. "Lamazani!" akapiga kelele. "Fukuza yeye! Fukuza yeye iende mbali, mimi napiga!"

Na baba akakimbia uwanjani. Baba yangu, mkono mwepesi wa Kisenyi, akapunga mikono na kupiga miluzi ili kumfanya bata wa mama yake aonekane wa porini. Ndege akakimbia kidogo, akamwona Meja bado amechuchumaa, akarudi. Baba akamfukuza tena. Akarudi tena. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko, na baba alikuwa anacheka nao, akiangalia uso wa Meja kuona kama amecheka vya kutosha. Kama kuna siku nilianza kumdharau, ni pale, kabla hata bunduki haijalia.

Meja hakuwa anacheka. Alikuwa amechekwa mbele ya rafiki zake na ndege. Akaelekeza mitutu kwa Bwana Harusi aliyekuwa mbele ya magoti yake na kupiga yote miwili.

Marisau madogo ni madogo ukiwa mbali. Kwa karibu vile yanatoka kwa pamoja, bado hayajatawanyika. Vumbi lilipotua, bata alikuwa kifua na mabawa na miguu. Kichwa hakikuwepo, na shingo haikuwepo.

Nilisubiri mtu amgombeze yule askari, Meja. Nilidhani ameteleza, na watu wazima sasa watainuka kwenye viti vyao na kumnyang'anya ile bunduki. Wakapiga makofi.

Kisha nikamwona baba akikimbia na kisu. Aliinama juu ya kile kilichobaki, akakigeuza kuelekea kibla, akaweka kisu mahali ambapo shingo ingekuwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bismillahi, Allahu Akbar," akakata. Alikata hewa na manyoya. Akainuka akipangusa kisu kwenye nyasi, akasema, "Tayari, Afande." Meja akaweka mguu mmoja juu ya ndege akapigwa picha.

Tukarudi Kisenyi. Tulipofika, Habuba alikuwa amekaa jikoni, maji yanachemka, sinia kubwa la shaba limeshasuguliwa. Baba akamtua ndege mbele yake.

"Nimechinja, Mama."

Habuba akamgeuza mara moja. "Kichwa yake iko wapi?"

"Kilibaki kule. Mbwa walichukua."

Habuba akatazama pale palipochanika, hakugusa. Kisha akanitazama mimi. "Mastula. Wewe ulikuwa huko. Kisu ilikuja kwanza, ama kifo ilikuja kwanza?"

Nikamwambia nilichokiona kwa lugha niliyokuwa nayo. "Habuba, askari wake alimpiga. Kichwa kikaisha. Halafu baba akaja kumkata."

"Huyu ni mtoto," baba akasema haraka. "Hajui kitu."

"Hajui," Habuba akakubali. "Ndio maana nimeuliza yeye."

Maji yakaendelea kuchemka. Nilikuwa nikimtazama baba, nikitaka aseme chochote, alie, akasirike, aombe radhi. Baba akasogea karibu na mama yake, akashusha sauti, akasema, "Mama, nani atajua?"

Habuba akainuka. Alimfunga Bwana Harusi kwenye gunia, akajitanda, akanishika mkono, tukatembea mpaka mtaro wa Nakivubo. Akamwaga gunia mle. Korongo wale wachafu wanaokaa juu ya takataka walishuka kabla hatujageuka. Sinia la shaba lilirudishwa ukutani, na wazee wa upande wa mume wakawekewa kuku kwenye sahani za kawaida, kuku waliochinjwa na Haji Musa wa kichochoro cha pili. Shangazi Zaituni aliendelea kusikia habari za hilo sinia lisilokuwepo kwa miaka mingi, wifi zake walihakikisha. Ng'ombe hakuja. Alikuja Meja, amevaa suti, akakaa mbele, akala sahani tatu na kuwasimulia wazee jinsi alivyomlenga bata mzinga akiwa anakimbia. Baba alisimama nyuma ya kiti chake akiitikia.

Habuba hakumwambia mtu. Hakukiondoa kisu juu ya mlango, hakumkataza baba lolote, hata sauti hakumpandishia. Watoto wa mafundi walipokuja na kuku wao, aliwapokea mlangoni kwa upole, akawapa tende, akawaelekeza kichochoro cha pili. Hawakuuliza kwa nini. Baada ya muda waliacha kupita kwetu, wakawa wanakwenda moja kwa moja. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, alimwendesha Meja mpaka Meja alipokufa, na yeye mwenyewe sasa amekufa. Namwombea dua kila Ijumaa, maana ni wajibu wangu. Dharau yangu sijaweza kuiombea, na sijajaribu sana.

Ila Ijumaa ile ya kwanza baada ya harusi naiona bado. Habuba alinipa jogoo wetu, yule mwekundu wa uani kwetu, akanikumbatisha vizuri mabawa yasipige. Baba alikuwa amekaa kizingitini, amenawa mikono, kisu kimelala kwenye paja lake. Aliniona nikija, akainuka nusu.

"Kuku huyo wa nani?"

"Wa kwetu, baba."

"Unampeleka wapi?"

"Kwa Haji Musa."

Akatazama ndani, alikokuwa mama yake. "Habuba amesema nini?"

"Hajasema kitu."

Akakaa tena. Kisha akakunja miguu nipite.